Sura ya Tisa: Kofia ya Bi Odessa

Jumamosi ile tuliichagua kwa sababu ya mazishi. Ninalisema hili mapema ili msije mkanihurumia bure. Bi Leotha Crume, aliyeimba kwenye kwaya ya kanisa letu miaka arobaini, alikuwa anaagwa asubuhi ile, na nilijua mji wetu wote wa Tolliver Gap ungekuwa kanisani, mama yangu akiwa benchi la mbele na leso yake. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angekanyaga Knoxville siku hiyo. Basi nikampigia Garland, nikamwambia kama ni kweli anataka, iwe Jumamosi.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika sina, ila nitakuja.

Garland Mabry alikuwa mchumba wangu, na harusi ilikuwa imebaki wiki tano. Ni fundi wa viyoyozi, mtu wa mabega mapana na sauti ya chini, anayesalimia mpaka mbwa wa watu. Siku aliyonivisha pete, kabla haijapita kwenye kidole, aliishikilia akasema kuna jambo lazima nilijue kwanza. Akaniambia kwamba tangu ana miaka kumi na minne, kuna siku huvaa nguo za kike. Hataki kuwa mwanamke, na wanaume hawamwashi moyo. Huvaa tu, akajifungia ndani na mapazia yamefungwa kwa saa mbili tatu, roho ikatulia, kisha huvua na kwenda kazini kama kawaida. Hakuna aliyewahi kumwona, hata mama yake mzazi.

Nilimrudishia pete palepale. Nilikaa siku kumi na tisa sisemi naye, nikijitahidi kumchukia, nikashindwa vibaya sana. Siku ya ishirini nikaenda kwake kuifuata pete yangu. Alipofungua mlango alikuwa hajanyoa, macho yamemvimba, na mimi niliyekuwa nimejipanga na maneno makali nikajikuta naulizia kama amekula.

Alichoniomba kilikuwa kimoja. Kabla ya kufunga ndoa kanisani, apambwe na mtu anayeijua kazi yake, kisha atembee na mimi barabarani mchana kweupe.

"Nimechoka kujiona peke yangu kwenye kioo," aliniambia. "Nataka wewe unione, Arnetta. Ukiniona ukashindwa, nijue sasa, sio tukishakula keki."

Saluni ilikuwa ya mwanamke anaitwa Zenobia, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, na alikuwa ametutengea asubuhi nzima bila wateja wengine. Alimkalisha Garland kwenye kiti, akamgeuza geuza kidevu, akasema mifupa ya mashavu kama hii wanawake wengine wanaililia. Akamnyoa mara mbili. Akampaka poda, akamchonga nyusi kidogo tu ili Jumatatu mafundi wenzake wasishtuke, akambandika kope, akampaka kucha rangi ya divai. Muda wote alikuwa anamsema. Keti kama mtu, sio kama unaendesha trekta. Magoti, dada, magoti. Aliposikia "dada" Garland alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, nami nikacheka, hofu ikapungua kidogo.

Kisha Zenobia akamuuliza jina. Nilijua anaulizia jina gani. Garland akanitazama kupitia kioo, akateremsha macho, akasema polepole, "Lenora."

Niseme ukweli, liliniuma. Miaka minne nalala nikimuwaza mtu huyu, najua kila kovu la mikono yake, na kumbe ana jina ambalo sijawahi kulisikia. Analitaja mbele ya msusi kabla hajalitaja mbele yangu. Nilijifanya naangalia chupa za rangi mpaka uso ukanirudia.

Alipovaa gauni la kijani na kusimama, Zenobia hakuridhika na wigi. Lilikuwa zuri, la mawimbi mpaka mabegani, lakini kwenye paji la uso lilikuwa linainuka. Akasema hapa panataka kofia. Na mimi kofia nilikuwa nayo kwenye buti ya gari.

Ilikuwa ya mama. Ya rangi ya zambarau, ukingo mpana, na unyoya mmoja mweusi ubavuni. Aliinunua Memphis kabla sijazaliwa, na kanisani kwetu watu humjua Bi Odessa Tibbs kwa kofia ile kuliko kwa sura. Siku nilipovaa pete alinikabidhi kwenye boksi lake, akasema nitaivaa Jumapili ya kwanza nikiwa mke wa mtu. Nilikuwa nimeipeleka mjini kwa mshonaji arekebishe utepe, na nilikuwa nimetoka kuichukua asubuhi ile ile. Wanawake wa kanisani kwetu wanaweza kukuazima gari, wanaweza kukuazima hata mume akakukatie nyasi. Kofia hawaazimi. Nililijua hilo, na bado niliteremka ngazi nikaileta, nikamvika kwa mikono yangu mwenyewe.

Alijitazama muda mrefu. Machozi yakaanza kukusanyika, Zenobia akamwonya kwamba akilia tunaanza upya. Akageuka kunitazama mimi.

"Unanionaje?"

"Mrefu," nikamwambia.

Akacheka huku anajipepea macho. Mwenzenu moyo ulikuwa unanienda mbio, na sikujua kama ni mapenzi au ni hofu, maana vyote viwili vilikuwa vimekaa mahali pamoja.

Nje kulikuwa na jua la Aprili na watu wengi. Nilimpa mkono wangu aushike kwa sababu ya viatu, nikaona tunatazamwa. Wasichana wawili walipishana nasi wakafinyana. Mwanamume mmoja kwenye lori alipiga honi, akasema neno ambalo sitaliandika hapa. Mkono wa Garland ukakaza juu ya wangu, lakini hakupunguza mwendo. Bibi mmoja aliyekuwa anasubiri taa za barabarani alimtazama kuanzia chini mpaka juu, akasema kofia hiyo ni kofia hasa, kisha akavuka zake. Garland alitembea na maneno hayo mpaka tulipofika hotelini kula.

Tuliagiza kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi. Mhudumu alituita warembo bila kutazama juu. Garland alikula kwa uangalifu, vipande vidogo, asiharibu rangi ya mdomo, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Lile jina mbona hukuniambia?"

Akaweka uma chini. "Hukuniuliza. Uliuliza kama napenda wanaume. Uliuliza nani mwingine anajua, uliuliza kama ni ugonjwa. Jina hukuuliza."

"Ningeliuliza vipi wakati sikujua kama lipo?"

"Basi sasa unajua." Akanyoosha mkono juu ya meza, kucha zake za divai zikagusa zangu. "Umenishika barabara nzima hujaniachia."

"Viatu vingekuangusha."

"Sio viatu, Netta."

Nikaangalia sahani. Nilikuwa na furaha, na ninalisema hili ili mjue kilichofuata kilinikuta wapi. Tukaanza kuzungumza kama wachumba wengine wowote. Akanikumbusha kwamba mama bado hajasema ni wimbo gani ataingia nao kanisani akinishika mkono, maana baba hayupo na yeye ndiye atakayenitoa. Nikamwambia mama anampenda yeye kuliko anavyonipenda mimi, na anajua. Akatabasamu, kisha tabasamu likafifia.

"Anampenda Garland," alisema. "Lenora hajakutana naye."

"Na hatakutana naye," nikasema haraka. "Hilo tulikubaliana."

Akalipa. Tukainuka.

Tulikuwa tumetembea hatua chache tu tuliposikia pikipiki ya polisi, na magari yote barabarani yakaanza kusogea pembeni na kusimama. Mnajua maana yake. Gari la mazishi likatokea kwenye kona, nyuma yake msafara mrefu, taa zote zimewashwa mchana. Nikaona jina la wilaya yetu limeandikwa ubavuni mwa gari lile. Nyuma yake nikaliona basi dogo la kanisa letu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mume wa Bi Leotha alikuwa askari, na amelala kwenye makaburi ya wanajeshi, palepale Knoxville, na mkewe alikuwa na nafasi yake kando yake. Nilikuwepo alipozikwa yule mzee. Nilishika shada. Nilikuwa nalijua jambo hili miaka sita, na katika kupanga siku yetu sikuliwaza hata mara moja.

"Tugeuke," nikamnong'oneza. "Garland, tuangalie hili dirisha, geuka."

Hakunisikia. Alikuwa ameshasimama wima ukingoni mwa barabara, visigino pamoja, na mkono wake umeshapanda kichwani. Alivua kofia ya mama yangu, akaiweka kifuani upande wa moyo, akainamisha kichwa. Barabara nzima wanaume walikuwa wamefanya hivyohivyo na kofia zao za kazi na za besiboli, na wanawake wamesimama kimya na zao vichwani. Ndivyo tulivyolelewa. Mwanamume huvua, mwanamke hubaki nayo, hakuna anayefundishwa mara mbili. Na katikati ya wanawake wale alisimama mmoja mrefu wa gauni la kijani, kichwa wazi, kofia ya zambarau kifuani.

"Ivae," nikamwambia. "Ivae, watu wanakutazama."

"Gari la mwisho halijapita," alijibu bila kuinua kichwa, kwa sauti yake ile ya chini, ya kiume, ya kila siku. Babu yake alimfundisha kwamba huvai mpaka gari la mwisho lipite. Nadhani hata hakujua amefanya nini.

Gari la nne lilikuwa la shemasi wetu, na kwenye kiti cha mbele alikaa mama.

Naomba mniache niseme kwa upole, maana ndiyo sehemu inayoniaibisha. Nilimwachia mkono. Sikuamua, mkono uliamua wenyewe. Nikasogea hatua moja, nikasogea ya pili, nikakaa kama mtu aliyejikuta amesimama karibu na asiyemjua. Gari lilikuwa linaenda polepole sana. Macho ya mama yakanipata mimi kwanza, yakashangaa. Yakashuka kwenye kofia, yakaitambua. Kisha yakapanda taratibu kwenye uso uliopambwa, ambao ulikuwa umeinuka wakati uleule, na wakatazamana. Gari likampitisha mama.

Mjue pia kwa nini alimtambua. Miaka minne nyuma tulimzika baba, mvua inanyesha ya kumwagika. Garland tulikuwa hatumjui, alikuwa amekuja tu kutengeneza kiyoyozi cha kanisa. Alisimama barabarani, kofia kifuani, maji yanamtiririka usoni, mpaka msafara wote wa Lucius Tibbs ukaisha. Mama alimwona kupitia kioo cha gari, upande wa abiria kama leo. Siku iliyofuata aliuliza yule kijana ni wa nani, na alipojua hajaoa akamwalika chakula cha Jumapili, akanikalisha kando yake. Mimi mapenzi yangu yalianzia kwenye kofia ile ya mvua, kwa mkono wa mama.

Gari la mwisho lilipita. Garland akaivaa tena kofia, polepole, na ndipo akatazama pengo lililokuwa kati yetu.

"Umesogea," alisema.

"Garland—"

"Hatua mbili. Nilizisikia."

Tulikwenda mpaka kwenye gari bila kushikana. Alijikwaa mara moja, nikanyoosha mkono, akashika nguzo ya taa.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba akirudi atabadilisha nguo kwenye kituo kimoja cha mafuta kilichoko nusu ya njia, nyuma ambako watu hawafiki. Niliegesha hapo. Alikuwa ameshavua wigi na ameanza kujifuta, nusu ya uso ni ya Garland na nusu bado ni kazi ya Zenobia, na kofia iko kwenye mapaja yake, wakati simu yangu ilipoita. Ilikuwa mama. Nikaiacha iite mpaka ikakata. Ikaita tena.

"Pokea," Garland alisema. "Weka spika, nisikie."

Mama hakusalimia. Alisema yuko chooni kwenye ukumbi wa matanga, amejifungia, na nje wanadhani anamlilia Leotha.

"Nimeulizwa na shemasi yule mwanamke ni nani," alisema. "Nimemwambia ni mtu unayefanya naye kazi. Nimedanganya nikiwa na maiti mbele yangu, Arnetta. Sasa wewe niambie hivyohivyo na mimi nitaamini. Niambie ni mtu wa kazini kwenu, umemwazima kofia yangu kwa upumbavu wako, na tutaishia hapo."

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema neno moja tu, harusi ikabaki, Jumapili zikabaki, mama akabaki. Garland hakunitazama. Alikuwa anatazama kitambaa chenye poda mkononi mwake, na hereni moja ilikuwa bado sikioni.

"Sio mtu wa kazini, mama," nikasema. "Ni Garland."

Kisha nikasikia anapumua.

"Yupo hapo?"

"Nipo, Bi Odessa," alisema Garland.

"Kwa nini uliivua?"

"Ulikuwa msafara, Bi Odessa."

"Mwanamke haivui."

"Najua. Nilisahau."

"Ulisahau," alirudia mama. "Ungeiacha kichwani ningepita. Ningesema mwanangu kakaa na jimama fulani, basi. Wewe ukaivua kama ulivyomvulia mume wangu. Nilikutambua kabla sijaufikia uso." Akakohoa. "Mimi nilikuchagua, Garland. Huyu hakukuchagua, nilikuchagua mimi. Nilikaa miaka minne najisifu. Sasa nimjibu nini Lucius?"

"Sijui, Bi Odessa," alisema Garland. "Sina la kumjibu. Ila mtu aliyesimama mvuani siku ile alikuwa na haya yote ndani yake tayari. Sikuja na mtu mwingine leo."

Mtu aligonga mlango huko alikokuwa mama. Akaitikia kwamba anatoka. Kisha akarudi kwetu, na sauti yake ilikuwa ile ya kuongoza vikao vya akina mama kanisani.

"Kofia yangu naitaka Jumapili ijayo, baada ya ibada."

"Nitakuletea, mama," nikasema.

"Sikukuambia wewe. Ailete aliyeivua."

"Nije vipi, Bi Odessa?" Garland aliuliza, na sijawahi kusikia swali dogo namna ile lenye hofu kubwa namna ile. "Nije nimevaa nini?"

"Hilo sikuulizi na wewe usiniulize. Mimi nimesema kofia." Akakata simu.

Mtu alikuwa anaosha kioo cha gari upande wa mbele, tukasikia maji. Garland alimaliza kujifuta, akavaa shati lake la kazi, akaikalisha kofia ya mama kwenye boksi na kulifunika. Hereni ile moja aliisahau, nami sikumkumbusha. Nikawasha gari.

"Umelisema jina langu," alisema tulipoingia barabarani. "Nashukuru."

"Nilichelewa."

"Ndiyo, ulichelewa." Alikuwa anatazama mbele. "Mama yako nitamkabili Jumapili, anifukuze au asinifukuze. Ninayemwogopa ni wewe. Kama utakuja kusogea tena, Netta, niambie leo. Nikiwa barabarani na kofia mkononi siwezi kukuangalia uko wapi."

Nilitaka kumwapia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu, na nikayaona kuwa si ya kweli. Nikamwambia sijui. Nikamwambia nilidhani namjua Arnetta Tibbs, na leo nimemwona akikimbia hatua mbili, na kwamba huyo Arnetta namwogopa kuliko Garland anavyoweza kumwogopa. Kisha nikatoa mkono wangu wa kulia kwenye usukani, nikauweka katikati ya viti viwili, kiganja juu, nikaendelea kuendesha kwa wa kushoto.

Aliuona. Hakuugusa. Tukapita shamba la farasi, tukapita mnara wa maji, mkono wangu ukaanza kufa ganzi na sikuuondoa. Tulikuwa tumeshavuka mpaka wa wilaya yetu, na magari ya watu waliotoka mazishini yalikuwa mbele yetu na nyuma yetu, ndipo aliposhusha kioo cha upande wake mpaka chini, hereni ikimwaka sikioni, akaushika.